"Ni mvua tu, mama": gari likiserereka na kukugonga, nani alipe?

Swali: Shikamoo wakili. Ninauza mboga soko la Majengo, naishi Nkuhungu. Mwezi Januari, jioni, mvua kubwa ikinyesha, nilipanda bodaboda kurudi nyumbani. Karibu na Kizota boda alipunguza mwendo kwa sababu mbele kulikuwa na dimbwi. Gari dogo lililokuwa nyuma yetu likashika breki, likaserereka, likatugonga. Nilivunjika mguu, nimewekewa chuma. Dereva alikuja hospitali akanipa laki mbili, akasema, "Ni mvua tu, mama, ni ajali ya Mungu, na ile barabara ina shimo." Gari ni la bosi wake. Sasa mtu wa bima ameniletea karatasi nisaini nipewe milioni moja na nusu. Ndugu wananishauri nichukue, maana boda hakuwa na leseni na mimi sikuvaa kofia, kwa hiyo mahakamani sina changu. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa mguu. Hiyo karatasi usiisaini kwanza. Sababu nitazieleza nikifika huko, maana naona habari ya mvua imekukatisha tamaa kuliko hata huo mguu, kwa hiyo tuimalize hiyo kabla ya mengine.

Maneno "ajali ya Mungu" nayasikia kila msimu. Yanaanza Novemba na kuisha Aprili, pamoja na mvua zenyewe. Wanaoyasema si waongo. Wengi wanaamini kwa dhati kwamba gari likishaserereka, dereva naye ni abiria tu. Na kisheria utetezi wa namna hiyo upo kweli, ila mlango wake ni mwembamba mno.

Sheria ya uzembe tunayotumia Tanzania kwa sehemu kubwa haikutungwa na Bunge. Tuliirithi kutoka Uingereza, kama ilivyokuwa huko tarehe 22 Julai 1920, kwa masharti kwamba itumike kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Ndiyo maana mpaka leo mawakili wa Dodoma tunabishana kwa kesi za mvua za Waingereza. Mwaka 1876 mama mmoja wa Cheshire aliyekuwa na mabwawa ya mapambo shambani kwake alishtakiwa baada ya kingo kupasuka na maji kusomba madaraja. Mvua ya siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko yoyote waliyoikumbuka watu wa pale, na mabwawa yalijengwa vizuri. Mahakama ikasema hana kosa. Kisha mwaka 1917 ikaja kesi ya mji wa Greenock, Scotland. Halmashauri ilikuwa imegeuza njia ya kijito ili watoto wapate kidimbwi cha kuchezea. Mvua kubwa ikanyesha, maji yakakosa pa kupita, yakaharibu mali ya kampuni ya reli. Halmashauri ikaja na wimbo huohuo wa mvua isiyo ya kawaida. Safari hii majaji wa juu kabisa wakakataa. Uliyeziba njia ya maji, walisema, ulipaswa kujua kwamba maji yatakuja. (Kila nikiona makorongo ya mji wetu yalivyojengewa nyumba na kuta, naikumbuka Greenock. Lakini hilo ni swali la mtu mwingine.)

Sasa iweke jioni yako kati ya kesi hizo mbili. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huutangaza kabla haujaanza. Mvua ya Januari hapa ni kitu tunachokisubiri kwa hamu, tena tukilalamika inapochelewa. Mtu anayeendesha gari huku waipa zinapiga mbele ya macho yake hawezi kuja kuniambia mvua ilimvizia. Aliiona. Na kwa kuwa aliiona, sheria inamtaka awe mwangalifu zaidi ya siku ya jua: apunguze mwendo, aongeze nafasi kati yake na aliye mbele, awashe taa. Kibao cha 50 ni kikomo cha juu kwa barabara iliyo katika hali nzuri. Unaweza kuwa chini ya 50 na bado ukawa mzembe, kama lami inang'aa maji na pikipiki iko mita chache mbele yako.

Fanya hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Dereva anahitaji kama sekunde moja tu kuona taa ya breki ya boda na kuhamisha mguu. Katika sekunde hiyo gari halijaanza hata kupungua. Baada ya hapo breki kwenye lami yenye maji zinahitaji umbali mrefu kuliko kwenye lami kavu, na tairi kipara linaurefusha zaidi kwa sababu mifereji ya kutoa maji haipo, tairi linaelea. Kwa hiyo dereva akisema "niliserereka", wakili wako hatabishana naye. Atamuuliza: kabla ya kuserereka ulikuwa unakwenda mwendo gani, umbali gani kutoka kwenye pikipiki, na juu ya matairi gani? Kuserereka kwenyewe si kosa wala si utetezi. Kosa, kama lipo, liko katika yale yaliyotangulia. Na aliyegonga kwa nyuma ana kazi kubwa ya kueleza, maana jambo lenyewe linaonyesha hakuacha nafasi ya kutosha.

Wenzetu wa nchi za theluji walishaliona hili. Kule Quebec, Kanada, sheria inawalazimisha wenye magari yaliyosajiliwa huko kufunga matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Hakuna anayesubiri barafu imshangaze, iko kwenye kalenda. Mvua yetu nayo iko kwenye kalenda, ila sisi tunaikaribisha na matairi yaleyale ya mwezi wa nane.

Nisiwe dhalimu kwa dereva wako. Ipo ajali ya mvua isiyo na mwenye kosa, na hapa Kanda ya Kati tunayajua mazingira yake. Korongo linaweza kushuka ghafla wakati kwenu hakuna hata wingu, kwa sababu mvua imenyesha mbali huko juu. Mtu anavuka mahali pakavu, maji yanamkuta katikati. Au mti uliokuwa mzima unaangushwa na upepo mbele ya gari. Huyo ana la kujitetea. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kuserereka upande wa Mkonze, mvua ya kwanza ya msimu, ile inayochanganya vumbi la miezi sita na oili mpaka lami inakuwa kama sabuni. Niliishia mtaroni, sikumgonga mtu. Nilijiambia ni mvua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbilia mahakamani na nimechelewa.

Bosi wa dereva naye yumo. Kama dereva alikuwa kwenye kazi ya bosi, au analiendesha gari kwa ridhaa yake na kwa shughuli yake, uzembe wa dereva unamfuata mwenye gari. Ndiyo maana katika hati ya madai tunawashtaki wote wawili. Na kama matairi yalikuwa vipara au breki mbovu, bosi ana kosa lake mwenyewe, kwa sababu utunzaji wa gari ni juu yake. Hapo ndipo ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi inakuwa na thamani ya dhahabu. Gari likishatoka kituoni na kufungwa matairi mapya, ushahidi huo hauwezi kurudishwa.

Sasa bodaboda. Kutokuwa na leseni ni kosa la jinai, na trafiki ana haki ya kumshughulikia. Lakini kwenye madai mahakama inauliza swali tofauti: je, kukosa kwake leseni ndiko kulikosababisha gari la nyuma kuserereka? Mtu asiye na leseni aliyepunguza mwendo kwa busara mbele ya dimbwi amefanya kitu ambacho mwenye leseni angetakiwa kufanya. Ikiwa alifunga breki ghafla katikati ya barabara, au pikipiki haikuwa na taa ya nyuma, hapo ana sehemu yake ya lawama, na mahakama inaweza kuigawa: huyu asilimia kadhaa, yule asilimia kadhaa. Mgawanyo huo ni wa kwao. Wewe ulikuwa abiria uliyelipa nauli. Wote wawili wakikutwa na kosa, unaweza kudai fidia yako yote kwa yeyote kati yao, kisha wao wadaiane. Hii ni habari njema kwako, maana boda huenda hana kitu, na gari lina bima.

Kuhusu kofia ndugu zako wamechanganya mambo. Ni kweli kwamba Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura 310, inairuhusu mahakama kupunguza fidia ya mtu aliyechangia kuumia kwake. Neno la kushika hapo ni "kuumia". Kofia hulinda kichwa. Wewe umevunjika mguu. Ungekuwa umepasuka fuvu, wakili wa upande wa pili angekuwa na hoja nzito. Kwa mfupa wa mguu, atapiga kelele tu. Na hata pale hoja hiyo inapokubaliwa, kinachotokea ni fidia kupungua. Haipotei.

Shimo nalo. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini chini ya TARURA, na si mwiko kuzishtaki taasisi za umma kwa uzembe. Ila njia yake ni ndefu: unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye lazima aunganishwe kwenye shauri, na shauri lenyewe linafunguliwa Mahakama Kuu. Halafu ukishafika huko utaulizwa kama shimo ndilo lililokugonga. Boda wako aliliona dimbwi akapunguza. Aliyekuwa nyuma hakupunguza. Ningekuwa wewe, hiyo kesi ya shimo ningemwachia dereva aibebe mwenyewe akitaka.

Polisi hapo najua mambo yalivyo. Mara nyingi mtu anaambiwa "mmalizane", au anaambiwa dereva ameshalipa faini, basi yameisha. Faini ile inakwenda serikalini. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Madai yako ni yako dhidi ya dereva na bosi wake, na moja haiiui nyingine. Lakini inaweza kuisaidia sana. Dereva akitiwa hatiani kwa kuendesha bila uangalifu, au akikiri mwenyewe, hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika shauri lako chini ya Sheria ya Ushahidi. Kwa hiyo fuatilia kituoni ujue kama alipelekwa mahakamani, na kama alipelekwa, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Omba pia ripoti ya ajali, mchoro wa eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari. PF3 yako, ile fomu ya polisi ya matibabu, tunza nakala, usitembee na ile moja tu kwenye pochi. Namba ya simu ya yule boda iwe nayo, na ya muuza duka au mpita njia yeyote aliyeona. Baada ya mwaka mmoja watu hawa huwa hawapatikani tena.

Zile laki mbili za hospitali mshukuru. Kumtembelea uliyemgonga ni utu, na kuna madereva wanaozima simu. Laki mbili hazifuti deni, ila zitahesabiwa, kwa hiyo ziandike na tarehe yake.

Tuje kwenye karatasi. Nina hakika ukiisoma taratibu utakuta maneno ya aina hii: unakubali kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na unawaachilia mwenye gari, dereva na kampuni ya bima kwa madai yote yaliyopo na yatakayokuja kutokana na ajali hiyo. Hilo "yatakayokuja" ndilo linaloniogopesha. Mguu wako una chuma. Je, chuma kitatolewa? Kwa gharama ya nani? Utaweza kukaa sokoni kutwa, kubeba tenga la mchicha, kuchuchumaa? Daktari wako hajakuambia, na mtu wa bima hajamwuliza. Ukisaini, upasuaji wa pili ni wako. Watu wengi wamesaini wakiwa na deni la hospitali shingoni, na siwalaumu, njaa haina wakili. Kama hali ni ngumu, waambie walipe sehemu, na karatasi iandikwe wazi kwamba ni malipo ya awali na madai mengine yanaendelea. Wakikataa, umejua nia yao.

Milioni moja na nusu ni nyingi au kidogo? Sijui mpaka nione stakabadhi zako, nawe hujui, nao hawajui. Fidia ina mafungu mawili. La kwanza ni hasara unayoweza kuihesabu: matibabu, dawa, magongo, bajaji za kwenda kliniki na kurudi, aliyelipwa kukuangalia, kipato ulichopoteza. Mahakama ya Rufani ilishasisitiza tangu mwaka 1992 kwamba fungu hili lazima litajwe waziwazi kwenye hati ya madai na lithibitishwe barabara. Bila stakabadhi huna. Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wadogo wanapoumia mara ya pili, maana mwenye mshahara analeta karatasi ya mwajiri, na muuza mboga analeta mdomo. Usilete mdomo. Daftari la mauzo, taarifa za miamala ya simu kutoka kwa wateja wa jumla, kumbukumbu za michango yako kwenye kikoba kabla na baada ya ajali, ushuru wa soko, jirani wa meza atakayesema ulikuwa ukichukua magunia mangapi kwa wiki: vyote hivyo hakimu anaweza kuvitazama. La pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu, kwa ulemavu, kwa maisha kubadilika. Hii haina stakabadhi. Hakimu hukadiria kwa busara yake, akiongozwa zaidi na ripoti ya daktari kuhusu kiwango cha ulemavu uliobaki. Ndiyo sababu nyingine ya kusubiri mguu upone au ujulikane haujapona.

Subira hiyo lakini ina mwisho. Madai ya uzembe yana miaka 3 tangu siku ya ajali chini ya Sheria ya Ukomo. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo, na ninawajua watu waliopigiwa simu za "njoo wiki ijayo" mpaka muda ukaisha.

Kuhusu bima yenyewe, chukua namba ya gari uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Utaona kama bima ilikuwa hai siku ile na ni ya kampuni gani, usitegemee maneno ya mtu aliyekuletea fomu. Hata kama ni bima ndogo, haikudhuru: Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inalazimisha kila gari kuwa na kinga kwa ajili ya watu wengine wanaouawa au kuumizwa, na wewe ndiye huyo mtu mwingine. Bima kubwa ingemsaidia bosi kutengeneza bampa lake. Utaratibu ni kwamba unamshtaki dereva na mwenye gari, na ukishinda, kampuni inawajibika kulipa hukumu kwa kiwango kinachotakiwa na sheria, mradi ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Hapo wengi hukwama. Kwa hiyo kabla hujafungua shauri iandikie kampuni barua, ipokelewe kwa mhuri, nakala ubaki nayo. Wakikuzungusha, malalamiko ya maandishi kwa TIRA hayana gharama, na nimeona faili lililolala miezi likiamka kwa barua moja.

Kama huna pesa ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Ukifika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hapa Dodoma, ulizia watoa msaada wa kisheria, na uende na bahasha yenye PF3, stakabadhi na hiyo karatasi ya bima ikiwa haina saini.

Kuna jambo moja hukuliandika, na upande wa pili hawataacha kuliuliza: mlikuwa wangapi kwenye pikipiki? Kama ilikuwa mishikaki, hoja yangu ya kwamba wewe ni abiria asiye na lawama inaingia ufa, kwa sababu ulikubali kupanda chombo kilichozidiwa, tena kwenye mvua. Nijulishe kabla hujakwenda kuwaona watoa msaada, na ujibu kama ilivyokuwa.